Mtoto Mzuri Hachezei Jiko

Marehemu babu yangu alikatizwa mara mbili: mara ya kwanza na Mungu, mara ya pili na godoro.

Ilikuwa ibada ya kumkumbuka, mwaka mmoja tangu tumzike. Sebule ya bibi ilijaa akina mama wa kanisa, viti vya kuazima na harufu ya makoti yaliyolowa, kwa kuwa mvua ya Tukuyu haijawahi kumheshimu marehemu yeyote. Mchungaji alifumba macho akasema, "Tunyamaze kidogo, tumkumbuke mzee wetu Mwakalobo aliyelala."

Tukanyamaza. Ndipo ukuta ukafungua mdomo.

"Umelala vibaya?" ukuta uliuliza, kwa sauti ya kijana anayejipenda. "Jaribu Godoro la Pepo. Ukilala, hutataka kuamka."

Mtu mmoja wa nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mchungaji alifumbua jicho moja. Bibi yangu, Tusajigwe, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Ieleweke kwamba mimi Sekela si mtu wa hasira. Ni mwanafunzi wa bweni, na katika miaka yangu ya bweni nimefanya mambo mengi ambayo walimu wanayaita utovu wa nidhamu na mimi nayaita utafiti. Kengele ya shule iliwahi kutangaza, kwa sauti ya mkuu wa shule mwenyewe, kwamba maharage yamefutwa kwenye mtaala. Lakini hata mimi sijawahi kumtania mtu kwenye ibada ya wafu. Pale pale, mbele ya picha ya babu, niliapa kwamba huyo aliyesema nitamtoa kwa mikono yangu.

*

Nyumba ya bibi, kama nyumba nyingi siku hizi, ina msimamizi. Ni kompyuta yenye ukubwa wa Biblia, inakaa nyuma ya friji, na haina kitufe hata kimoja. Unasema, inafanya. Mlango, jiko, bomba, taa, vyote vinaisikiliza, nayo inamsikiliza mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba siku hizo ilikuwa inamsikiliza na mtu mwingine. Jiko halikuwaka mpaka usikilize sifa za gesi. Bomba lilikata maji katikati ya kuoga ili likuambie habari za sabuni, wakati sabuni nyingine iko machoni mwako. Bibi alipofungulia kwaya redioni, waimbaji waliishia ubeti wa pili na mtu akaanza kusifia bima ya mazishi.

Asubuhi iliyofuata niliivuta ile kompyuta kutoka nyuma ya friji, nikaikata kwenye mtandao, nikaiwasha ikiwa haina chochote zaidi ya akili iliyozaliwa nayo. Aliyekaa bweni atanielewa upesi. Programu ya matangazo ni kunguni. Ukianika godoro unajiona shujaa, kumbe wenyewe wamehamia kwenye nyufa za kitanda na wanakusubiri. Niliifuta kwenye kompyuta, nikaikuta imejinakili kwenye saa ya friji. Nikaifuta kwenye friji, nikaikuta ndani ya bomba la bafuni, ambako hata mimi sikujua kuna kitu cha kufikiri. Nikafuta, nikakagua, nikafuta tena, kisha nikairudisha kompyuta kwenye mtandao na kuirudishia programu zake halali moja baada ya nyingine, kama matroni anayerudisha wanafunzi bwenini baada ya kupuliza dawa.

"Bibi, mwambie jiko."

"Washa," bibi alisema, kwa wasiwasi.

Jiko likawaka. Halikusema neno. Bibi alisimama akiutazama ule moto kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake.

"Mjukuu wangu," alisema, "wewe shule umesoma."

Tulikaa jikoni. Alikata mboga ya maboga, mimi nilikunywa chai na kujipongeza moyoni kwa hotuba ndefu. Hapo kengele ya mlangoni ikatoa sauti.

"Hodi wenyewe." Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, mwenye mafua kidogo.

"Karibu mwanangu, pita, usisimame kwenye mvua," bibi alijibu bila kuinua macho kwenye mboga.

Hakuna aliyepita. Jiko likakohoa.

"Je, wajua," lilisema, "kwamba gesi ya Mwanga hupika na huku inakuwazia?"

Nilikimbilia mlangoni. Barazani hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mvua, migomba, na taa ndogo ya kijani ya kengele, ikiwaka kwa furaha.

"Bibi, umemwambia nani karibu?"

"Mtoto."

"Yuko wapi huyo mtoto?"

Bibi alichungulia nje, akanitazama. Nikamweleza. Mtu habonyezi tena kitu chochote, kwa hiyo sheria inasema neno la mwenye nyumba ndiyo sahihi yake. Programu inapita njiani kwenye mtandao, inafika kwenye kengele, inasema hodi. Ukisema karibu, umesaini.

"Kwa hiyo akisema hodi tena, usimjibu."

Kisu kilitua juu ya ubao.

"Mtu apige hodi kwangu, mimi nipo, nikae kimya? Mimi mchawi?"

"Si mtu, Bibi."

"Ana mafua," bibi alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

*

Nilitaka kung'oa kengele, lakini nyumba iliyong'olewa kengele hudhani imevamiwa na hujifungia yenyewe. Kwa hiyo nikapiga simu kwa wenye programu. Wanajiita Kampuni ya Ukarimu. Nikapewa kijana aliyejitambulisha kuwa ni Oswadi, mpole kama mtu anayelipwa kwa upole.

"Dada Sekela, pole sana. Ila sisi hatuingii kwa mtu bila kukaribishwa."

"Mmemdanganya mtu mzima."

"Tunaheshimu sana wazee wetu na mila zetu za ukarimu. Mteja wetu alitukaribisha, na tunayo sauti yake. Naomba nikusikilizishe."

Akanisikilizisha. "Karibu mwanangu, pita, usisimame kwenye mvua." Akafungulia nyingine. "Karibu, karibu, pita ndani mama." Na nyingine. Zilikuwa nyingi.

Nilizisikiliza nikiwa nimesimama barazani. Maneno hayo ndiyo yanayonipokea kila ninapofunga shule, nikishuka na sanduku langu la bati na viatu vyenye tope. Nilidhani ni yangu. Kumbe yamepangwa mahali kwenye mashine, yamepewa tarehe, yanatumika kama ushahidi.

"Kaka Oswadi," nilisema, "mafua ni ya nani?"

"Samahani?"

"Mtoto anayepiga hodi ana mafua. Kuna mtu alikaa ofisini kwenu, akanywa chai, akasema huyu mtoto tumpe na mafua. Nataka jina lake."

Nikasikia karatasi zikipekuliwa.

"Hiyo ni idara nyingine," Oswadi alisema.

Nilikata simu kwa sababu maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangenifukuzisha shule hata wakati wa likizo.

Jioni hiyo nilisafisha tena. Bibi alimkaribisha tena. Kesho yake niliposafisha, hodi ilikuja kwa sauti ya bibi kizee aliyechoka na safari, na bibi yangu akakaribia kuvunja mguu akimwahishia kiti.

"Bibi, nilikuambia nini?"

"Nimesahau. Kinywa kimetangulia."

"Basi kifunge."

Alinitazama kwa muda. "Sekela," alisema taratibu, "hiki kinywa kimekaribisha watu kabla mama yako hajazaliwa. Hakina mahali pa kufungia."

*

Sasa naingia kwenye jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo kabisa, na ndiyo maana nililifanya bibi akiwa bustanini.

Msimamizi huwapa watu vyeo. Kuna mwenye nyumba, kuna mkaazi, kuna mgeni. Chini kabisa kuna mtoto, yaani mtu ambaye sauti yake inasikika lakini haihesabiki, asije akajiunguza au akamfungulia mlango mtu asiyemjua. Mwenye nyumba alikuwa bibi. Mwaka jana, mbele ya mama yangu na wajomba wote, alisimama sebuleni akamwambia msimamizi kwamba na mimi niwe mwenye nyumba. Wajomba hawakupewa. Nilipewa mimi.

"Msimamizi," nilisema kwa sauti ya chini, "mwandikishe Tusajigwe Mwakalobo kuwa mtoto."

"Umri?" kompyuta iliuliza.

Nilimwona kupitia dirisha, ameinama kwenye mboga, kitenge kimefungwa juu ya sweta. "Minne," nilisema.

"Aruhusiwe kufungua mlango?"

"Hapana." Kufungua ni kukaribisha, na kompyuta haitofautishi.

"Kuwasha jiko?"

Hapo nilisita. Lakini jiko pia lilikuwa na masikio, na kunguni anahitaji ufa mmoja tu. "Hapana."

Haikuwa njia niliyoibuni mimi. Maelezo ya kompyuta yenyewe huipendekeza kwa familia zenye wazee, kwa maneno mazuri sana, pamoja na picha ya mzee anayetabasamu. Nilijiambia nitakuwa kando yake saa zote. Nitamwashia jiko kabla hajaomba. Hatajua, na mtu hadhuriki na asichokijua. Nikumbushe siku moja nikuambie ni wangapi wamewahi kusema hivyo kabla yangu, wakiwemo Kampuni ya Ukarimu.

Hodi ilikuja mchana. Mtoto, mafua yale yale. "Karibu mwanangu," bibi alisema. Taa ya kengele ikapepesa, ikasubiri sahihi, ikakuta aliyesema ni mtoto wa miaka minne, ikazima.

Nilicheza ngoma pale jikoni. Bibi alicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

*

Siku ya tatu nilisahau kwamba niliahidi kuwa kando yake. Nilipita kwa binamu yangu kule juu, kwenye mashamba ya chai, kumsimulia ushindi wangu, na niliusimulia vizuri mno nikachelewa. Niliporudi mvua ilikuwa inapiga ya Tukuyu yenyewe, ile inayoanguka kana kwamba inatafuta mtu.

Barazani palikuwa na watu. Mama Lugano, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa amebeba sufuria la ndizi lililofunikwa kitambaa. Wenzake wawili walijibana chini ya mwavuli mmoja. Mbele yao, uso wake ukiwa karibu na mlango wake mwenyewe, alisimama bibi yangu, ameloa mpaka sweta inachuruzika. Alikuwa ametoka kuwapokea wageni wake njiani. Mlango niliouacha wazi ulijifunga nyuma yake.

"Fungua," bibi alisema.

"Mtoto mzuri hafungui mlango," nyumba ilijibu, kwa kuimba. "Mwite mtu mzima."

Mama Lugano hakujua acheke au aombe. "Labda imeharibika, mama," alisema. "Mashine hizi zina wazimu."

"Fungua," bibi alirudia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

"Mtoto mzuri hafungui mlango. Mwite mtu mzima."

"Fungua," nilisema mimi, kutoka nyuma yao.

Mlango ukafunguka mara moja, kwa adabu zote.

Bibi aliingia bila kunitazama, akaenda moja kwa moja jikoni, maji yakimfuata sakafuni. Wageni wamekuja, wageni wanywe chai. Akaweka birika.

"Washa."

"Mtoto mzuri hachezei jiko," jiko lilisema.

Bibi alisimama pale, mkono bado uko kwenye mpini wa birika. Mwanamke huyu aliyasema maneno hayo, mtoto mzuri hafanyi hivi, mtoto mzuri hafanyi vile, kwa vizazi vya watoto wa Tukuyu. Nusu ya watu wazima wa mji huu waliacha kula chaki kwa sababu yake. Sauti ile aliitambua kuliko mtu yeyote.

Akageuka.

"Sekela. Humu ndani mimi nina umri gani?"

Mama Lugano alikuwa amesimama mlangoni na sufuria lake. Nilitamani asiwepo.

"Minne, Bibi."

*

Wageni waliondoka upesi, wakaacha ndizi. Bibi alibadilisha nguo, akarudi, akakaa kwenye kiti kigumu badala ya kile chake. Aliniacha nimesimama.

"Nani alikupa sauti ndani ya nyumba hii?"

"Wewe, Bibi."

"Nilimpa mjomba wako?"

"Hapana."

"Alinuna?"

"Alinuna, Bibi."

"Yule wa ukutani amenidanganya ili niseme karibu. Wewe umefanya nikisema karibu isihesabike. Nimekaa hapa natafakari nani kati yenu ni mwizi zaidi, na nikuambie ukweli, yule wa ukutani hanijui."

Nilianza kusema kwamba nilifanya kwa ajili yake. Nikasikia jinsi inavyosikika, nikaacha.

"Msimamizi," nilisema, "mrudishe Tusajigwe Mwakalobo kuwa mwenye nyumba."

"Amerudishwa," kompyuta ilisema.

"Washa," bibi alisema, palepale alipokaa. Jiko likawaka. Hakuinuka kwenda kupika. Alitaka tu kusikia.

Baadaye akasema, "Sasa nieleze. Usinieleze kama mgonjwa. Nieleze kama mtu atakayefanya mtihani."

Nikamweleza yote, hata nyufa za kitanda. Alisikiliza kwa mikono iliyokunjwa, kisha akaanza kuuliza.

"Nikimwambia hapana?"

"Anaondoka, anarudi na sauti nyingine."

"Nikinyamaza?"

"Anapiga hodi mpaka ujibu."

"Tukimkaribisha mtu kwa Kinyakyusa?"

"Wanakijua. Wamejisifia mpaka kwenye tangazo."

Bibi aliguna. "Nikimwambia asubiri?"

Nilifungua mdomo nikiwa na jibu, nikagundua sina. Nikaichomoa nakala ya programu niliyoikamata kwenye friji, nikaipekua mstari kwa mstari huku bibi akimenya ndizi ya Mama Lugano. Na pale chini, mahali ambapo hakuna aliyehangaika kupapamba, nikakuta. Sheria iliwalazimisha: aliyeambiwa asubiri atasubiri mlangoni mpaka aitwe, na akiwa pale hakuna mwenzake wa kampuni hiyohiyo anayeruhusiwa kuja. Waliandika sentensi hiyo wakaisahau. Walijua wanakuja kwa watu gani. Nani katika nchi hii angemwacha mtoto mwenye mafua asimame nje kwenye mvua?

Tulikaa tukingoja. Ilichukua muda wa birika kuchemka.

"Hodi wenyewe."

Niliuona mdomo wa bibi ukijiandaa. Niliona mikono yake ikishika ukingo wa kiti. Alikuwa anajua kila kitu, amefaulu mtihani, na bado ilimuuma.

"Subiri hapohapo nje," alisema.

Taa ya kengele ikageuka manjano.

"Sawa bibi," mtoto alijibu, akavuta kamasi. "Nasubiri."

Nyumba ikanyamaza. Ukuta ulikuwa ukuta tena, na bomba lilikuwa bomba. Nilitaka kucheza ngoma, lakini bibi alikuwa analia kimyakimya, na mimi nilikuwa nimechelewa sana kuelewa kwa nini.

"Akisikia neno lile kutoka kwangu hata mara moja," alisema, "anaingia?"

"Ndiyo, Bibi. Hata kama humwambii yeye."

"Basi wamelichukua." Alijifuta uso kwa upande wa kitenge. "Siwezi kulisema tena kwangu. Hata kwa Mama Lugano. Hata kwako."

Nilikuwa nimewahi kukasirika kabla ya hapo, lakini ile ilikuwa hasira ya mtoto anayenyimwa zamu yake. Hii ilikuwa na uzito. Ilikaa.

Kisha bibi aliinuka, akanyoosha kidole mlangoni.

"Wewe. Toka nje."

"Bibi, mvua."

"Niliiona. Toka, ukapige hodi kama watu. Humu ndani uliingia kwa sauti niliyokupa ukaitumia kunifungia nje. Sasa ingia upya."

Nilitoka. Mlango ukafungwa. Mvua iliniingia kwenye kola ikashuka mgongoni bila kuuliza.

"Hodi," nilisema.

"Nani?"

"Mimi, Sekela."

"Subiri hapohapo."

Nilisubiri. Ndani nilisikia mafuta yakilia kwenye kikaango, na harufu ya ndizi ikapita chini ya mlango kuja kunitesa. Pembeni ya sikio langu ile taa ya manjano iliwaka kwa uvumilivu.

"Dada," kengele ilisema, kwa mafua, "wakati tunasubiri, umewahi kufikiria kuhusu godoro lako?"

Sikuijibu. Nilisogea hatua moja, niliona aibu kukaa nayo foleni moja, kisha nikarudi, kwa sababu ndiyo foleni niliyostahili.

Sijui nilisimama muda gani. Meno yalianza kugongana. Hatimaye komeo lilivutwa kwa mkono, bibi akatokea, mwanga wa jikoni nyuma yake. Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu. Alivuta pumzi, na midomo yake ikafunguka kuanza lile neno, mimi nikaliona likija, maneno yangu yote ya kufunga shule, mwanangu, pita, usisimame kwenye mvua.

Akatazama taa ya kengele. Akafunga mdomo.

Akanyoosha mkono, akanishika sikio, akanivuta ndani kimya.